Mteremko wa Paa la Mapoloko

"Mapoloko, dada yangu, hivi unajenga nyumba au kanisa?"

Aliyeuliza ni Mathakane, jirani yake, amesimama njiani na ndoo ya maji kichwani, blanketi amelibana kifuani kwa pini kubwa. Mapoloko alikuwa amepiga magoti kwenye theluji. Mbele yake bati kuukuu limeegemezwa juu ya mawe, limesimama mkao wa paa la kanisa kweli, naye analimwagia theluji kwa koleo kama mtu aliyerukwa na akili.

"Nyumba, dada," alijibu bila kugeuka. "Lakini kanisani si huwa tunatoka wazima?"

Wiki tatu kabla ya hapo, paa lake lilikuwa limeanguka. Lilikuwa paa kama la wengi pale Ha Lephoi, milimani kwa Basotho: limelala bapa, na juu yake mawe yamepangwa ili upepo usilibebe. Theluji ilidondoka siku mbili bila kupumzika, ikatulia juu ya mabati na mawe yake, boriti zikakatika. Vyote vilimwangukia mama yake, bibi Mamosa, akiwa kitandani. Mungu alimwachia uhai, lakini nyonga ilivunjika. Wakahamia kwenye kibanda cha nyasi cha kaka yake Mapoloko, watu saba na moshi wao, na tangu hapo bibi akakataa kabisa kusikia habari ya nyumba mpya.

"Bati limenilalia mara moja," alisema. "Halinilalii tena. Wewe jenga, mwanangu. Mimi nitafia hapahapa na kikohozi changu."

Na kikohozi kweli kilikuwa kinammaliza. Mapoloko alikisikia kila alfajiri kikikwaruza, akaona wazi kwamba misimu miwili zaidi ya baridi na moshi ule mama yake hataimaliza. Hakubishana naye. Alikuwa mchambuzi wa manyoya kwenye banda la kukatia kondoo, kazi ya miaka ishirini, na vidole vyake vilizoea kuamua kimyakimya: haya laini, haya ya kati, haya ya kutupa. Aliamua hivyohivyo. Atajenga paa ambalo theluji yenyewe italikataa, na mama yake atalala chini yake.

Ndipo akaokota bati moja kwenye kifusi. Alipoliinua kidogo tu, theluji ilikaa kama kuku anayeatamia. Akaongeza jiwe. Ikakaa. Akaongeza lingine, ikaanza kujivuta polepole, ikagoma katikati. Alipolisimamisha sana, theluji ilishuka kabla hajaweka koleo chini, akamshukuru Mungu kwa sauti. Lakini ikaja Agosti na upepo wake. Bati lililosimama sana likapinduliwa, likabingirika mteremkoni likipiga kelele, mbuzi wakatawanyika huku na kule.

Mathakane alicheka mpaka akakaa chini. "Kanisa limetoroka! Likimbilie, mchungaji!"

"Litarudi na waumini," alisema Mapoloko, akalifuata.

Alipunguza jiwe moja, akajaribu tena, asubuhi baada ya asubuhi, theluji na upepo, hadi akapata mkao ambao theluji inateleza na upepo unapita. Akaupima kwa mkono: shubiri tatu kwenda mbele, mbili kwenda juu. Akachonga alama kwenye fimbo.

Oktoba, upepo ulipotulia, alikuja fundi Lebajoa, mzee ambaye kila mtu alimwita Ntate, yaani baba. Upande ule wa mlima hakuna fundi mwingine. Alikuta miti ya paa imeshakatwa kando ya mto, akaweka msingi wa hatua sita kwa upana, akapanga mstari wa kwanza wa mawe. Mapoloko akamletea ile fimbo.

Lebajoa aliigeuzageuza. "Mama, nimejenga nyumba arobaini bila fimbo ya mtu."

"Najua, Ntate. Na ile yangu uliijenga wewe."

Fundi alivua kofia. Akaivaa tena. "Zote tunazijenga vile," alisema baadaye, kwa sauti ya chini.

"Sikulaumu, Ntate. Nataka tu hii tuijenge vingine."

"Haya, tuseme nimekubali. Miti yako ni hii, na kule mtoni hakuna iliyobaki. Ukiinua paa hivi, miti haifiki ukutani. Mti hauvutiki kama sufu, mama."

"Hauvutiki," alikubali Mapoloko, akaenda kazini.

Siku nzima alichambua manyoya akiwaza miti. Miti haiwezi kurefuka, sawa. Lakini nani kasema nyumba haiwezi kupungua? Asubuhi iliyofuata, kabla fundi hajafika, aling'oa vigingi vya upande mmoja akavisogeza ndani hatua nzima, akaanza kubeba mawe ya msingi moja moja, akiyakumbatia tumboni. Lebajoa alimkuta jasho linamtiririka kwenye baridi.

"Mama! Umebomoa kazi yangu?"

"Nimeisogeza. Sasa ni hatua tano. Pima miti yako."

Alipima. Akapima tena. Akatazama fimbo, akamtazama Mapoloko. "Kabati halitaingia," alisema.

"Nitaliuza. Mama yangu hatalala kabatini."

Mzee yule alicheka, na tangu siku hiyo alifanya kazi kwa bidii kuliko alivyozoea. Ni yeye aliyeshauri wazike waya ndani ya kuta na kufunga kila mti nao, ili Agosti ijayo isilete hadithi ya mbuzi tena. Kabla ya Krismasi nyumba ilikuwa imesimama, nyembamba, na paa lake limechongoka katikati ya mapaa bapa ya jirani. Kina mama wa maombi ya Alhamisi walikuja kuiombea. Bibi Mamosa hakuja. Miezi sita Mapoloko alilala peke yake mle, kitanda cha pili kimetandikwa, na kila siku alipanda kibandani na bakuli la uji.

Juni theluji ilianguka tena, usiku na mchana. Asubuhi ya tatu jua likatoka, na Mathakane alikuwa juu ya paa lake na ufagio, akifagia kwa hofu. Kijiji kizima kilikuwa cheupe. Bati la Mapoloko peke yake lilikuwa tupu, linang'aa, na theluji imejilundika chini, kando ya kuta.

Mapoloko alipanda kibandani. Akamshika mama yake mkono, akampa mikongojo yake miwili, akamtoa hadi mlangoni taratibu. Bibi alikinga macho kwa kiganja. Alitazama bondeni muda mrefu, akikohoa, macho yakitua kwenye lile bati tupu.

Mapoloko alipiga magoti, akaanza kumvisha viatu.

"Mama," alisema, "naomba ulale kwangu leo." Bibi akaegemea bega lake, akamnyooshea mguu wa pili.