Msamaha Nilioutoa kwa Pambo la Meza

Maziwa yalimpata mgeni rasmi kwenye miwani, yakateremka kwenye tai, yakatua juu ya hotuba ambayo alikuwa hajaisoma, na ukumbi mzima wa ile hoteli ya Moshi mjini ukanitazama mimi, mtu mzima mwenye mvi, nimeshika jagi la bati mkono mmoja na jani la isale mkono wa pili. Sifichi, na hata ningetaka nisingeweza, maana picha zilipigwa na zimemfikia mpaka shemeji yangu wa Himo.

Wa kulaumiwa nawataja. Wa kwanza ni Prosper, mratibu wa mradi. Wa pili ni mimi, kwa kumwamini.

Huyu Prosper alikuja kwetu Kibosho na karatasi kubwa ya kubandika ukutani, akatueleza kwamba mkoa umepata mkakati mpya wa ajira: waajiri wa sekta moja wanakaa pamoja, wanasema wanahitaji wafanyakazi wa namna gani, halafu sisi tunafundishwa hicho hicho, tukimaliza tunachukuliwa. Nikaona lina akili (mimi wa darasa la saba naona akili haraka sana, ndiyo shida yangu). Waajiri wa mahoteli, akasema, wanalilia watu wa kutengeneza kahawa kwa mashine. Basi nikaacha kazi ya kupogoa mibuni kwenye shamba nililolitumikia miaka kumi na tisa, na nyapara hakungoja, wiki ile ile nafasi yangu akampa mtu wa Uru.

Miezi mitatu tukafundishwa mashine kwa picha. Picha, jamani. Imebandikwa ukutani, mwalimu anasema zungusha mpini, nasi watu wazima kumi na wawili tunazungusha hewa. Kila nikimuuliza Prosper hao waajiri wako wapi, alinijibu kwamba wako kwenye mchakato.

Siku ya kufunga mafunzo, kule hotelini, ndiyo waajiri wakaonekana, wamekalishwa meza ya mbele, na mmoja wao alikuwa Mama Happy, mwenye hoteli ndogo kule Rau, ambaye nilishasikia anatafuta mtu kwelikweli. Nikavaa koti la harusi yangu. Nilijiambia nitafunga mdomo, nipate kazi, nirudi nyumbani.

Na ningeufunga, kama Prosper asingenikabidhi cheti na juu yake jani la isale lililopigwa fundo.

Asiye wa huku nimweleze. Isale ni lile jani refu tunalopanda mipakani mwa vihamba, yale mashamba yetu ya ukoo yanayozunguka nyumba, na kwenye makaburi ya wazee. Aliyekukosea akikuletea isale lenye fundo anaomba radhi, na huna ruhusa ya kukataa hata kama alikuchomea nyumba. Nikamtazama Prosper, mtoto wa Kibosho kama mimi, nikasema moyoni kumbe kijana ana utu, amejua alichotufanyia. Machozi yakanilenga. Hapo ndipo nilipofanya uamuzi wangu mdogo: nikaomba kipaza sauti, maana nilivyolelewa mimi, anayesamehe hutaja kosa.

"Prosper mwanangu, nimepokea," nikasema. "Nimekusamehe ile mashine ya ukutani. Nimekusamehe na hawa waajiri uliotuambia umewauliza."

Prosper akanisogelea akicheka kwa meno tu, akaninong'oneza, na kipaza sauti kikayabeba yote: "Mzee Aloyce, hilo ni pambo. Wamefunga watu wa mapambo."

"Mashine ya ukutani ndiyo ipi?" akauliza Mama Happy.

Kuzima moto, Prosper akatangaza kwamba wahitimu wake wameiva, na kwamba mzee atawaonyesha sasa hivi kwa mashine ya hoteli, ile pale ubavuni mwa meza kuu. Ningekataa. Lakini Mama Happy alikuwa ananitazama, na kazi alikuwa nayo yeye. Nikaenda, nikashika jagi la maziwa chini ya bomba lake. Ule mpini kwenye picha ulikuwa hautoi mvuke, ndugu zangu, na mimi nikauzungusha kama nilivyozoea kuzungusha hewa, mpaka mwisho. (Mgeni rasmi hakuungua, maziwa yalikuwa hayajapata moto. Nashukuru Mungu kwa hilo tu.)

Wakati wanampangusa, Mama Happy akachukua mkoba wake, akasema taratibu, kama anajisemea: "Mimi nilihitaji mtu wa kukamua ng'ombe wangu wanne. Hakuna aliyeniuliza."

Ng'ombe. Mimi nimekamua tangu sijaota ndevu. Lakini nani atamkabidhi ng'ombe mtu aliyetoka kumwogesha mgeni rasmi kwa maziwa? Hakunitazama tena, akatoka.

Mke wangu alinisikiliza mpaka mwisho huku anamenya ndizi, hata kisu hakikusimama. "Kwa hiyo, Baba Neema," akasema, "umelisamehe ua la meza."

Sasa nasikia Prosper yuko kwenye mradi mwingine, sekta ya nyuki. Ajibu kwanza la kwetu: alimuuliza mwajiri gani, siku gani, wapi? Aje anijibu nyumbani kwangu, na asije na jani la watu wa mapambo. Alichume mpakani mwa kihamba cha baba yake, alifunge kwa vidole vyake, aje na mzee wa ukoo. Lile la ukumbini kama lilikuwa pambo, basi na msamaha wangu ulikuwa pambo. Nimeurudisha nyumbani. Ninao hapa, namsubiri.