Maji Yenye Joto Mwezi wa Saba

Haya sikuhadithiwa na mtu. Yalinipata mimi mwenyewe, ufukweni Homa Bay, kukipambazuka, na sikuwa nimeonja hata tone la chang'aa. Ukitaka kucheka, cheka sasa umalize, kisha unisikilize.

Mimi ni mtu wa Suna, Migori. Shule niliiacha darasa la sita, na tangu hapo miguu yangu haijatulia. Nimefyatua matofali Ndhiwa, nimeuza vitunguu Kosele, kisha nikatua ziwani nikawa naosha pikipiki za watu. Kazi hiyo hukuweka majini mpaka magotini kutwa nzima, na mimi nina ugonjwa wa kutaka kujua kila kitu. Nikaanza kulisoma ziwa kwa miguu. Mbona alfajiri maji yana joto kuliko hewa? Mbona mwezi wa pili na wa tatu unaogelea mpaka unasahau chakula, lakini mwezi wa saba, upepo wa kusini ukivuma, maji yanakuuma mifupa hata saa sita mchana?

Atieno, aliyekuwa akianika omena zake, wale dagaa wa ziwani, karibu nami, alinicheka. "Wewe unauliza maswali kama polisi! Hiyo upepo inakoroga nam, maji ya chini inakuja juu. Ndiyo maana inanuka." Nam ni ziwa kwa Kijaluo. Kisha akapunguza sauti. "Na mtu akizama msimu huo, haibuki haraka. Baridi inamshika huko chini mpaka maji ipate joto."

Mwezi wa saba huohuo mashua ilipinduka. Wengine waliokolewa, lakini kijana mmoja, Omondi, hakuonekana. Alikuwa mtoto wa watu wa shamba, upande wa Ndhiwa, kuogelea hajui. Mama yake alikuja akaketi juu ya jiwe, karibu na mahali pangu pa kazi, leso ya njano mabegani. Usiku alilala kwa Atieno, kukicha anarudi kwenye jiwe. Nilikuwa nikimpelekea chai, naye hunishukuru bila kuondoa macho majini.

Kwetu mwili ukikosekana, hatuziki jeneza tupu. Tunachuma yago, lile tunda refu, zito kama mkono wa mtu. Tunalivika sanda, tunalipa jina la marehemu, tunalilia na kulizika. Likishaingia udongoni, mambo yamekwisha. Baba wadogo wa Omondi walikuja na habari kwamba tunda limeshachumwa.

"Shemeji, inatosha," mmoja akamwambia. "Boma haliwezi kukaa na msiba ulio wazi."

"Mimi nilizaa mtoto," mama akajibu. "Sikuzaa tunda."

"Sasa tukizika bila wewe, nani atamlilia?"

Akayarudisha macho majini. Wakamwambia watarudi kesho wapate neno lake.

Kesho hiyo ndiyo ninayokusimulia. Niliamka kabla ya watu nikaenda kuoga. Maji yalikuwa makali, nikaingia nimeuma meno. Yaliponifika kifuani, ghafla yakawa na joto. Si joto la alfajiri la kawaida, niamini. Lilikuwa joto la maji ya beseni, yaliyochemshiwa mtu anayependwa. Nikainua macho. Mbele yangu kidogo palikuwa na kijana amenipa mgongo, anajimwagia maji kichwani kwa viganja.

"Omera," nikamwita, kama mtu anavyomwita ndugu yake, "joto hili umelitoa wapi?"

"Liko huku kwangu tu," akasema bila kugeuka. "Mama wa leso ya njano bado yuko?"

"Yuko."

"Mwambie wasizike lile tunda. Maji ikipata joto kila mahali, nitatoka."

Hapo ndipo nilipoona. Mimi nikipumua tu, viwimbi vinanitoka kifuani. Yeye alikuwa akijimwagia maji, na ziwa lililomzunguka limelala kama uji uliopoa. Matone yanaanguka, hayana sauti. Halafu nikakumbuka kitu kibaya zaidi. Pale aliposimama mimi napajua. Hapana chini. Ukingo unakatika hapo, na hata awe mrefu vipi, mtu hawezi kusimama.

"Sogea," akaniambia, kwa upole kabisa. "Huku kuna joto zaidi."

Na unajua? Mguu wangu uliinuka kumfuata. Sijui ni kitu gani kiliurudisha. Ninachokumbuka ni mchanga, na mimi nimeketi juu yake, nguo ziko mkononi.

Wewe ungefanya nini? Ungenyamaza? Mama wa watu anangoja neno, na neno unalo mdomoni! Nilimwambia yote. Aliniuliza jambo moja tu: "Alikuwa anasikia baridi?"

"Hapana, mama. Alikuwa kwenye joto."

Akajifunika uso kwa leso, akalia kwa mara ya kwanza tangu nimjue. Baba wadogo walipofika, aliwaambia hakuna mazishi.

Walinigeukia mimi. "We mtu wa Migori usiye na boma, unatuletea jachien?" Jachien ni mfu anayerudi kusumbua walio hai. "Kama ni Omondi, si angemwita mama yake? Angekuita wewe muosha pikipiki kwa nini?"

Nilikasirika. Leo swali lile ndilo linaloniamsha usiku.

Mama alibaki. Akawa anamsaidia Atieno kuanika omena. Kila asubuhi alitia mkono majini na kusema, "Bado." Upepo ukaisha, mvua fupi zikaja zikapita, na mwaka ukageuka. Mwezi wa pili ziwa likajaa watoto wanaoogelea. Asubuhi moja alitia mkono, akanitazama, akatabasamu.

"Sasa," akasema.

Nilidhani anataka kunawa miguu. Mwenye pikipiki alikuwa akinigombeza kuhusu matope yaliyobaki kwenye cheni, nikainama kuyatoa. Nilipoinuka, mama alikuwa amesimama ziwani, maji kifuani, anaongea na mtu nisiyemwona. Alikuwa palepale pasipo na chini.

Nilipiga kelele, nikaruka ndani. Ziwa lote lilikuwa na joto siku hiyo. Lakini nilipofika aliposimama, naapa, palikuwa na baridi ya mwezi wa saba, ile ya kuuma mifupa, imekaa mahali pamoja kama shimo. Nilipiga mbizi mpaka wavuvi wakanitoa kwa nguvu. Leso ilipatikana. Yeye, hapana. Msimu ule wa joto, ambao ziwa halimfichi mtu, tulingoja, wala hakuibuka. Omondi naye hakutoka.

Ndhiwa kuna makaburi mawili sasa, mama na mwana, na kila moja lina tunda. Nilienda mazishini, nikasimama mbali, nje ya ua. Hakuna aliyenifukuza. Hakuna aliyenisalimu pia.

Nimerudi Migori. Naoga kwa maji ya bomba, baridi hivyohivyo, mwaka mzima. Wanaonikaribisha kwao wakinichemshia maji, nawaambia nimeshaoga.

Wewe nenda ziwani, uogelee, sikukatazi. Lakini mwezi wa saba, upepo ukitoka kusini, ukajikuta umeingia penye joto, usitafute linatoka wapi. Geuka urudi. Na kama humo ndani kuna mtu atakayekupa maneno umpelekee mama yake, yaache humohumo majini. Mwambie mama hukuona kitu, hata akikulilia.