Kovu Linaloshikika

Siku damu ilipodondokea gauni jeupe la bibi harusi wa watu, fundi cherehani alijua kinyama cha shingoni hakina budi kutoka. Kilikuwa chini ya sikio la kushoto, kinene kama punje ya hindi, na kila alipoivuta futi ya kupimia kutoka shingoni, kilikwaruzwa. Chenyewe hakikuuma. Kilichomuuma fundi ni habari ya mama yake.

Mama alikuwa haoni tena, na masikio yalikuwa mazito: ukimpazia sauti anasikia maneno, lakini hajui ni sauti ya nani. Kumbukumbu nazo zilikuwa zinamponyoka. Basi kila jioni fundi akirudi kazini, mama alinyoosha mkono, akapapasa mpaka akakipata kinyama, akacheka. "Ah, ni wewe mwanangu. Nilidhani mwizi." Ndiyo ilikuwa hodi yao.

Daktari, binti mdogo mwenye koti lililompwaya (fundi aliliona hilo hata kabla ya salamu), alimhakikishia kwamba kinyama hakina ubaya wowote. Njia zilikuwa tatu.

"Tukikigandisha kwa baridi kali, kitadondoka chenyewe baada ya wiki moja mbili, ila pengine itabidi urudi. Tukikichoma kwa umeme, kinatoka leo leo, unabaki na kigaga kidogo. Tukikikata, nashona nyuzi mbili tatu."

"Ipi inaacha kovu?"

"Usiwe na wasiwasi, mama. Hizo mbili za kwanza mara nyingi huacha alama ya rangi tu."

"Mimi nalitaka hilo kovu. Linaloshikika kwa kidole."

Daktari alimkodolea macho. Wote waliomtangulia walitaka kinyume chake. Fundi angeeleza sababu, mambo yangekwisha. Lakini kumwambia mtu baki kwamba mama yako hakutambui ila kwa uvimbe, hayo si maneno ya kusemeka. Akasema tu, "Kata."

Ganzi ilifanya kazi yake. Kwenye kioo cha kabati fundi aliona mshono wa kwanza wa daktari ukienda upande, ngozi ikikunjamana. Hapo ndipo alipojiponza. Miaka thelathini ya kufokea wanafunzi haizimwi na sindano moja.

"Fumua huo," alisema. "Shona karibu karibu, usivute uzi kwa pupa. Kingo zikutane, zisipandane."

Daktari alifumua, akashona kama alivyoelekezwa, na wote wawili wakaifurahia kazi. Fundi alifika hadi barabarani ndipo akakumbuka kwamba kovu alilolitaka amelifumulisha mwenyewe. Akaegemea ukuta, akijilaani.

Siku za mwanzo bandeji ilimsitiri: mama aliipapasa, akaambiwa kuna kidonda, akanung'unika na kukubali. Kisha nyuzi zikatolewa na shingo ikabaki laini.

Jioni hiyo mama alipapasa kushoto, akapapasa kulia, akarudi kushoto. Vidole vilipita juu ya mshono bila kusimama. Fundi akavishika, akavikandamiza palepale, machozi yakimtiririka.

"Mama, ni mimi!" alipaza sauti sikioni.

Mama aliutoa mkono wake polepole, kwa adabu, kama aliyegusa kitu cha watu. "Samahani, dada. Mwanangu bado hajarudi kazini. Kaa umsubiri, huwa hachelewi."

Fundi akavuta kigoda, akakaa.