Kondoo wa Supu ya Mzazi

Nakumbuka asubuhi moja kule Mwakirunge, mwanangu, mimi bado bi harusi mgeni, mavyaa, mama wa mume wangu, alipokuja kwetu kuchukua kondoo. Wifi yangu alikuwa amejifungua, na mzazi hakosi supu.

Nasikia nawe umeanza kunenepesha kondoo, na kuna kijana anakuuzia vidonge vya homoni. Basi keti unisikilize, maana hili silisemi mara mbili.

Mume wangu Kazungu alikuwa na kondoo wawili wachanga zizini. Wote niliwalisha mimi, pumba na machicha ya nazi niliyokusanya jikoni kwa majirani, nikiongeza kidogo kidogo, maana ukiwajaza ghafla wanaharisha. Lakini mmoja Kazungu alimtia kidonge cha homoni chini ya ngozi ya sikio, akaambiwa kondoo asichinjwe mpaka siku za kungoja dawa iishe mwilini zitimie. Akatanuka mgongo huyo, hata mwenzake nikamwonea huruma. Jumamosi mteja angekuja kumchukua kwa karamu ya ubatizo.

Mavyaa akamshika huyo huyo mnene. Kazungu akamzuia.

"Huyo ana dawa, mama, siku zake bado. Mzazi mpelekee huyu mwingine."

"Na huyu mnene ni wa nani?"

"Wa mteja."

Mavyaa alimtazama mwanawe. "Kazungu, huko kwa mteja hakuna anayenyonyesha?"

Kazungu akainama kufungua kamba ya yule mwembamba. Mavyaa akaondoka naye bila kuaga, na mimi aibu ikanishika kana kwamba kidonge nilikitia mimi.

Jumamosi mteja alipofika nilisimama mlangoni pa zizi nikamwambia kilichomo sikioni. Akaenda zake. Kazungu alininunia wiki nzima, nami nikamwacha anune. Kondoo hakutoka mpaka siku zake zilipotimia.

Mwanangu, kinachonenepesha ni chakula, chumvi na maji safi. Homoni inaharakisha tu, na hori likiwa tupu haina la kuharakisha. Kabla hujaigusa, muulize daktari wa mifugo kama inaruhusiwa. Akikupa siku za kungoja, zingoje, hata mteja akilia mlangoni. Na kila unapomfungia mtu kondoo kamba, jiulize kama ungempelekea dadako aliyejifungua jana. Ukisita, mrudishe zizini.

Mungu akubarikie zizi lako, na kila atakayekula kilichotoka mkononi mwako aamke mzima.