Kitufe Kisicho na Jina

Mwaka ule mahindi yalitukaukia hapa Mkonze, tukarudi kwenye ugali wa uwele na mlenda mchana na jioni. Nakumbuka siku moja ya mwaka huo ambayo hadi leo nikiisimulia nainamisha uso. Mwanangu, wazee wengi watakuhadithia makosa ya ujana wao. Mimi langu nililifanya nina mvi kichwa kizima.

Mjukuu wangu Neema anafanya kazi hiyo unayoianza wewe sasa, anatengeneza vipande vya kurasa za mtandao: kitufe cha kutuma, kisanduku cha kuchagua siku. Anatengeneza kimoja, wenzake wanakipachika kwenye kurasa chungu nzima. Mimi niliishia darasa la pili, lakini hilo nililielewa upesi, maana nimefyatua matofali. Kalibu ikipinda, ukuta wote umepinda. Basi nilijivuna naye mpaka kina mama wa kanisani wakachoka kunisikia.

Mdogo wangu Nyemo, ambaye macho yake yalikwisha kwa trakoma, akaja na simu yake ile inayosoma kwa sauti kilichoandikwa kwenye kioo. Alitaka kujiandikisha siku ya kwenda Ihumwa kuchukua mbegu za mtama, na ukurasa wenyewe ulijengwa kwa vipande vya Neema. Akapitisha kidole. Simu ikasema, kitufe hakina jina. Akasogeza. Kitufe hakina jina. Vyote vitatu hivyo hivyo. Akaniomba nimpigie Neema nimweleze. Nilikuwa na wageni, na kiburi kikanipanda. Nikamjibu, "Kazi ya mtoto haina kasoro. Kasoro ni macho yako."

Wageni wakatazama sakafu. Nyemo akacheka kidogo. "Haya dada, wewe mwenye mazima, nibonyezee."

Nikaichukua simu. Vitufe vilikuwa picha tupu, neno hakuna. Nikaona ndoo. Nikajiambia hiyo ndiyo ndoo ya mbegu, nikabonyeza, na jina lake alilokwisha kuliandika likatoweka. Nilijua nimeharibu, mwanangu, nilijua palepale. Nikamrudishia simu nikamwambia tayari.

Siku ya mbegu alikwenda na gunia lake kwapani. Jina halikuwepo. Alirudi jua limewaka, akalikunja lile gunia taratibu juu ya magoti, akaniuliza kama kweli nilibonyeza. Hapo nikasema yote. Hakupandisha sauti.

"Dada, sikuomba macho yako. Niliomba kitufe kiseme jina lake."

Nikamgawia nusu ya mbegu zangu, lakini alichelewa kupanda. Mtama wake ulifika magotini, mvua ikakata. Mwaka ule alikula kwangu, na kila tonge alilokata nililiona.

Neema alipokuja nikamweleza, ndipo nikajua ile ndoo kumbe ni pipa la takataka, la kufuta. Hakujitetea. Alifunika kioo kwa khanga yangu, akajaribu kuutumia ukurasa kwa kusikiliza tu, akashindwa na kazi ya mikono yake mwenyewe. Akakirudia kile kipande cha asili, akakipa kila kitufe jina, na kurasa zote zilizokitumia zikaanza kusema. Akaja mbio nimsifu. Nikamwambia, "Sisifu mpaka Nyemo abonyeze mwenyewe."

Na Nyemo alipojaribu, akanasa. Kwenye kisanduku cha siku aliingia, simu haikumsomea pa kutokea, akabaki humo kama mbuzi kwenye miiba. Neema akarudi tena kazini.

Basi nisikilize. Kipande kitakachotumiwa na wengi kipe jina linalosikika, picha peke yake haitoshi. Kikibadilika, kiseme kimebadilika. Asiyeona, na yule ambaye vidole vyake havishiki, aingie na atoke bila kuomba mkono wa mtu. Usimjaribie wewe ukadhani imetosha; mpe mwenyewe ajaribu, mapema, kabla kalibu haijasambaa kwa mafundi. Akikwambia kuna kasoro, tazama kazi yako. Usifanye kama mimi, niliyemtazama macho.

Mungu akupe mikono myepesi, na masikio makubwa kuliko mdomo wa bibi yako. Kazi yako ikiwafungulia watu, nawe ufunguliwe kila unapobisha. Ila ukimaliza usiniletee mimi kwanza. Jibu langu unalijua: "Sisifu mpaka Nyemo abonyeze mwenyewe."