Fundi wa Daraja la Reli

Fundi anayetunza daraja la zamani lililo juu ya reli hutembea na nyundo ndogo. Kila asubuhi huzigonga ribiti zinazoshikilia vyuma vya daraja, moja baada ya nyingine, ameinamisha kichwa kama mama anayesikiliza kifua cha mtoto mwenye kikohozi. Kutu huikwangua kwa ukucha wa kidole gumba, uliokwisha kuwa mwekundu. Sauti yake ni ya chini. Treni ikipita hashindani nayo, hungoja ipite, kisha humalizia neno alilolikatiza. Mdogo wake, dereva wa lori, alizoea kumtania kwamba ameolewa na vyuma. Jumatatu moja dereva huyo alifika na shehena ya saruji, akakuta kibao cha tani kumi na tano kimeng'olewa na pamewekwa cha tani nane, rangi bado mbichi. Dada mtu amesimama katikati ya barabara.

"Dada, ni mimi!"

"Nimekuona. Boriti moja imepata ufa. Geuza."

"Kuzunguka ni nusu siku! Niache leo tu, nitapita polepole."

Treni ya abiria ilikuwa ikipita chini, watoto wametoa mikono madirishani, naye fundi akawapungia bila kutoka njiani. Dereva akageuza, magari ya nyuma yakimpigia honi.

Jioni alipofika, mwenye mzigo alifoka, "Nani huyo aliyekuzuia?"

Dereva akaiweka sawa kola ya shati, akajibu kwa sauti, makuli wote wasikie: "Dada yangu, wa tumbo moja!"