Mpera wa Tata Beya

Sisi wa avenue yetu hapa Kolwezi tulikula mapera ya mzee wetu Tata Beya bure miaka yote, wala hatukuona kuwa ni kitu, mpaka tulipoambiwa tuhame kwa kuwa chini ya nyumba zetu kuna shaba. Hapo kila mtu akataka mche wa mpera ule. Mbegu haikufaa, maana ukiipanda huna hakika ya kupata utamu uleule. Tukamgeukia Ntumba, binti wa marehemu Tata Beya, anayekuza miche ndani ya chupa kwenye maabara moja ndogo.

Kazi yake ni kukata kipande kidogo cha mmea, kukisafisha na kukipanda juu ya rojo lenye sukari na chakula cha mmea. Migomba inamtii. Mpera ulimshinda. Vipande vyote vya matawi yake viligeuka vyeusi, au vikaota ukungu. Ntumba akitoka kazini anauegemea mti. Baba yake hakumwachia kitu kingine.

Kisha Moussa, jirani yetu mwenye lori, alikuja kupakia vyombo vya watu na lori halikuweza kupita kwa sababu ya mpera ule. Aliona mti wa nyumba ya kubomolewa hauna mwenyewe tena, akaukata. Ntumba alilia kama siku ya matanga. Tangu hapo hakumsalimia Moussa, na Ntumba akinuna, hata mbwa wanapita mbali.

Mvua zilipoanza, greda la kubomoa nyumba likiwa bado halijafika, kisiki kilichipua. Ntumba akayafunika machipukizi kwa plastiki yasiguswe na vumbi la migodi, kisha akayapeleka maabara. Safari hii hayakuwa meusi. Yaliongezeka chupa kwa chupa, yakatoa mizizi. Kumbe matawi ya juu yalikuwa yamezeeka, lakini huku chini mti ulikuwa bado mtoto.

Tulidhani mche wa kwanza ataupanda kwake. Akaubeba hadi kiwanja kipya cha Moussa. Moussa alipoanza kuomba msamaha, Ntumba alimkatiza.

"Tata Moussa, mi nilikukasirikiaka sana. Lakini kama haukukataka ule muti, hatungepata ata kamuti kamoya. Kamata. Kamuti ka kwanza, njo kako."

Moussa aliupokea mche kwa mikono miwili. Alichukua jembe akachimba shimo nyuma ya nyumba, mbali kabisa na njia ya lori.